Mwongo na Mbabaishaji: Nani Adui Mkubwa wa Ukweli?

Naanza kwa kuomba radhi. Insha hii inahusu neno moja la Kiingereza cha mtaani ambalo mtu mwenye adabu halitamki mbele ya wakwe zake wala haliandiki katika barua ya kuomba kazi. Neno lenyewe ni "bullshit". Ukilifasiri neno kwa neno utapata mavi ya fahali. Katika matumizi ya kila siku lina maana ya maneno matupu yanayosemwa kana kwamba yana kitu ndani yake. Sikulichagua ili kuchekesha. Nimelichagua kwa sababu neno hili chafu ndilo lililonisaidia kulipa jina kosa langu mwenyewe, kosa ambalo kwa muda mrefu nilishindwa kuliita. Swali ninalotaka kulijibu ni hili: mtu anayesema uongo, na mtu anayesema lolote linalomjia mdomoni bila kujali kama ni kweli au si kweli, ni yupi adui mkubwa wa ukweli? Na ni yupi anayemkosea zaidi mwenzake?

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilimsindikiza bibi yangu mzaa baba hospitalini. Sisi ni watu wa Ankole, magharibi mwa Uganda, na bibi hajui lugha nyingine isipokuwa Kinyankole. Daktari hakuwa mwenyeji wa kwetu. Alizungumza nami Kiingereza, upesi upesi, huku akiandika katika daftari la bibi. Ni daftari la kawaida la shule, ambalo kwetu wagonjwa wengi hulinunua dukani na kulitumia kuhifadhi maelezo ya matibabu yao. Alieleza habari za shinikizo la damu, akataja dawa mpya, akasema jambo fulani kuhusu dawa za zamani, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Mimi nilielewa kama nusu hivi. Lakini nilikuwa nimekwisha kuitikia kwa kichwa mara nne au tano, na mtu aliyeitikia mara tano huona aibu kusema kwamba hakusikia. Tulipofika nje, bibi aliniuliza:

"Amesemaje, mjukuu wangu?"

"Amesema presha imepanda kidogo. Hivi vipya utameza kimoja kila asubuhi."

"Na vile vya zamani?"

Hapo ndipo penyewe. Sikujua. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, lakini mwandiko ulikuwa haunisomeki. Mlango wa daktari ulikuwa hatua kumi nyuma yetu. Nami nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Endelea navyo, bibi. Vinasaidiana."

Bibi alinishukuru. Alisema kusoma ni kuzuri. Akaendelea na vyote viwili kama nilivyomwambia, na siku ya tano akaanguka mlangoni pa jiko, akavunjika mkono wa kushoto. Muuguzi aliyempokea alilifungua lile daftari, akasoma kwa dakika moja, akasema kwamba dawa za zamani zilipaswa kuachwa siku ileile.

Baba aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini ulimdanganya mama yangu?" Nikajibu: "Sikumdanganya." Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikunisaidia chochote. Anayedanganya anaujua ukweli, naye anauficha. Mimi sikuwa na ukweli wa kuuficha. Hata hivyo nilijua kwamba nilikuwa nimefanya jambo baya, tena baya kwa namna yake, nami sikujua niliite nini.

Miaka miwili baadaye, katika somo la falsafa chuoni, ndipo nilipokutana na mwanafalsafa wa Marekani Harry Frankfurt. Lakini kabla ya kueleza alichosema, ni vyema tulijue neno lenyewe lilikotoka, kwa sababu historia yake si ile ambayo wengi wanaidhania.

Anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba watu walimwona fahali, wakaona kinyesi chake, wakafananisha. Huenda mambo yalikwenda kinyume. Kiingereza cha karne za kati kilikuwa na neno "bull" lenye maana ya hila au maneno ya uongo, na wataalamu wa asili ya maneno wanalihusisha na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya udanganyifu. Halikuwa na uhusiano na mnyama. Katika karne ya 17 neno hilohilo lilitumika kwa kauli ya kuchekesha inayojipinga yenyewe. Wapo pia wanaodhani kwamba asili yake ni barua za Papa, ambazo kwa Kiingereza zina jina linalofanana na hilo. Lakini jina la barua hizo limetokana na neno la Kilatini la muhuri, na kufanana kwa sauti si undugu. Basi inawezekana kabisa kwamba "bull" ya hila ilikuwapo kwanza, kisha watu wakaisikia kama fahali, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakamwongezea fahali huyo mavi yake ili neno liume zaidi.

Ushahidi wa maandishi ni wa karibu. Mshairi T. S. Eliot alilitumia katika anwani ya shairi alilolitunga ujanani, karibu mwaka 1910, na Wyndham Lewis, mhariri wa jarida la Blast, akakataa kumchapishia mashairi yake ya aina hiyo kwa sababu ya lugha yake. Katika jeshi la Uingereza neno hilo, au kifupi chake, lilipata maana nyingine ya pekee: kazi za kung'arisha vifungo, kupiga viatu rangi mpaka ujione usoni, na kutandika kitanda kwa vipimo, kazi ambazo askari waliona hazimsaidii mtu yeyote vitani. Maana hii ya kijeshi naiona ni muhimu. Inatuonyesha kiini cha neno: kitu kinachong'aa kwa nje na kufanywa kwa bidii, lakini kisichohusiana na kazi ambayo kinajidai kuifanya.

Sasa tumrudie Frankfurt. Alizaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2023. Insha yake kuhusu neno hili ilitoka katika jarida la Raritan mwaka 1986, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Princeton kiliichapisha kama kijitabu kidogo kisichofika kurasa mia moja. Kiliuzwa sana, kikaingia katika orodha ya vitabu vinavyonunuliwa zaidi Marekani. Gazeti la New York Times lilipoandika habari zake halikuthubutu kulichapa neno zima. Likaandika nusu ya kwanza, na nusu iliyobaki msomaji akaachiwa aijaze mwenyewe.

Hoja kuu ya Frankfurt ni nyepesi kueleweka. Mwongo na msema kweli wanacheza mchezo mmoja, ila wako pande mbili. Wote wawili wanautazama ukweli. Msema kweli anautazama ili aufuate, na mwongo anautazama ili aukwepe. Mwongo hawezi kusema uongo bila kuamini kwamba anajua ukweli uko wapi, kama vile mtu hawezi kumficha mbuzi asiyejua alipo. Hata Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipouchambua uongo na kuugawa katika aina nane, aliuona mzizi wake katika hilo: mtu ana jambo moja moyoni na jingine mdomoni. Lakini kuna mtu wa tatu, ambaye hayumo katika mchezo huo. Hautazami ukweli kabisa. Akisema jambo la kweli, ni bahati. Akisema jambo la uongo, ni bahati vilevile. Anachokitazama ni jinsi anavyoonekana: aonekane anajua, aonekane mzalendo, aonekane mcha Mungu. Huyu ndiye mwenye lile neno chafu. Na Frankfurt anahitimisha kwamba huyu ni adui mkubwa wa ukweli kuliko mwongo.

Niliposoma hayo nilikumbuka mlango wa daktari uliokuwa hatua kumi nyuma yetu. "Vinasaidiana." Sikulitoa neno hilo kwa sababu niliamini vinasaidiana, wala kwa sababu niliamini havisaidiani. Nililitoa kwa sababu lilikuwa na umbo la jibu.

Frankfurt anaendelea kuuliza kwa nini jambo hili lifananishwe na kinyesi. Anajibu kwamba kinyesi hakiundwi wala hakichongwi, hutoka tu. Na kwamba ni mabaki ya chakula yaliyokwisha kuondolewa lishe yote. Maneno ya aina hii ni hivyohivyo: yametoka tu, na hayamlishi mtu. Hapa, kama mtu wa Ankole, lazima nimtetee ng'ombe. Bibi yangu alikandika sakafu ya nyumba yake kwa kinyesi cha ng'ombe, na ilikuwa sakafu safi, isiyo na vumbi wala viroboto. Migomba yetu imestawi kwa samadi hiyohiyo. Kwa mfugaji, kinyesi cha ng'ombe ni mali. Mtu akimwambia bibi kwamba maneno yake ni mavi ya fahali, huenda akauliza: ya shamba au ya sakafu? Kwa hiyo mfano wa Kiingereza hausafiri vizuri. Ninachokichukua kwa Frankfurt ni fikra. Mfano wake naurudisha kwa wenyewe.

Je, Kiswahili kina neno lake? Tunayo maneno mengi yanayokaribia. Porojo ni mazungumzo ya kupitisha muda, na hayana ubaya mkubwa. Upuuzi ni jambo lisilo na maana, hata kama aliyelisema alikuwa mkweli. Uzushi ni habari ya kutunga, nao uko karibu na uongo. Neno linaloigusa fikra ya Frankfurt kwa karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni ubabaishaji. Tunasema fundi fulani ni mbabaishaji, tukiwa na maana kwamba haijui kazi lakini anaifanya kana kwamba anaijua. Na tunasema pia mtu anababaisha Kifaransa, yaani anakijua kidogo, anaokoteza maneno, anapita. Maana hizo mbili zinakutana palepale nilipokuwa nimesimama na bibi: nilikuwa nababaisha Kiingereza, kisha nikambabaisha bibi. Isitoshe, neno hili ni safi. Mtu anaweza kulitamka msikitini, kanisani na bungeni.

Wengine watauliza: kama tunalo neno safi, kwa nini Frankfurt alichagua chafu? Kiingereza nacho kina maneno ya heshima yenye maana ya karibu, na mwanafalsafa mwingine, Max Black, alikuwa ameandika insha kwa kutumia mojawapo. Jibu langu linatokana na historia ya Kiswahili nchini mwetu. Wazee wengi wa Uganda hawakukipenda Kiswahili, na baadhi yao hawakipendi mpaka leo, ingawa mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walikisikia kwa mara ya kwanza midomoni mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa na amri na vitisho ndani yake. Wakakiita lugha ya kambini, lugha ya matusi. Mimi ninayekisoma naona ni lugha ya tafsida na salamu ndefu. Lugha ni ileile, ila imetumiwa na watu tofauti kwa shabaha tofauti. Vivyo hivyo neno. Neno chafu linaweza kusema jambo la kweli, na neno safi linaweza kuwa ubabaishaji mtupu. Tena mbabaishaji hodari huvaa lugha safi kuliko sisi sote: utamsikia kwenye majukwaa akitaja maendeleo endelevu na mikakati madhubuti, na hatatoa tusi hata moja. Nadhani Frankfurt alitaka kulivua jambo hili mavazi yake. Nami namwelewa, ingawa kwa kazi yangu nitaendelea kuliita ubabaishaji.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo sharti lijibiwe. Je, si kila siku tunasema maneno ambayo hatukuyapima? Frankfurt mwenyewe anasimulia kisa cha Fania Pascal, mwanamke aliyemfundisha Kirusi mwanafalsafa Wittgenstein huko Cambridge. Pascal alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, na Wittgenstein alipomjulia hali akamwambia kwamba anajisikia kama mbwa aliyegongwa na gari. Wittgenstein alichukizwa, akamwambia kwamba hajui mbwa aliyegongwa anajisikiaje. Frankfurt anaitumia hasira hiyo kuonyesha kosa la kusema bila kujali usahihi.

Mimi naona Wittgenstein alimwonea mgonjwa. Ile ni tashbihi, na tukizipiga marufuku tashbihi Kiswahili kitabaki mifupa. Pascal hakumpa mtu habari za mbwa; alikuwa akiomba kuhurumiwa. Vivyo hivyo vijana wanaokaa jioni kibarazani wakibishana kuhusu mpira na siasa. Kila mmoja anatupa hoja asizoziamini ili aone zitaangukia wapi. Frankfurt anakubali kwamba katika vikao vya namna hiyo hakuna kosa, kwa kuwa wote wanajua kwamba maneno yanajaribiwa tu. Kwa hiyo kutojali ukweli peke yake hakutoshi kuwa dhambi. Nini basi kinachoongezeka mpaka iwe dhambi?

Nafikiri kinachoongezeka ni uzito wa msikilizaji. Kuna maneno ambayo mwenzako anayasikia tu, na kuna maneno ambayo mwenzako ataegemea. Bibi hutembea kwa fimbo. Ukimkabidhi fimbo bila kuiangalia kama imeliwa na mchwa, si lazima uwe umetaka aanguke. Huenda fimbo ni nzima na akafika salama. Lakini umemkosea tangu ulipomkabidhi, kabla hata hajapiga hatua, kwa sababu ulijua kwamba ataiegemea nawe hukujishughulisha kuitazama. Hapo ndipo ninapoona ubaya wa ubabaishaji. Mwongo anakupa fimbo mbovu akijua ni mbovu. Mbabaishaji anakupa fimbo bila kuitazama. Wanaobishana kibarazani hawampi mtu fimbo, wanazirusha hewani.

Kwa kipimo hicho, nani mbaya zaidi? Upande mmoja namkatalia Frankfurt. Nikimtazama anayekosewa, mwongo anaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu amelenga. Kama ningejua kwamba dawa zile zikichanganywa zitamdhuru bibi, kisha nikamwambia azichanganye, ningekuwa mtu wa kuogopwa, na baba asingeniuliza swali moja tu. Nia ina uzito wake.

Lakini upande mwingine Frankfurt ana haki kuliko nilivyodhani mwanzoni, nami nimelijua hilo kwa yaliyonipata. Methali inasema njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi kwa sababu uongo una mpaka: kuna ukweli fulani unaoficha, na ukweli huo ukijitokeza, uongo umekwisha. Mwongo mwenyewe anajua alikouficha. Usiku mmoja dhamiri ikimsumbua, anaweza kuamka akaenda kusema, "Nilikudanganya, kitu kiko pale." Mimi nililala usingizi mzuri usiku ule. Nililala vizuri siku nne nzima huku bibi akimeza dawa. Sikuwa na kitu cha kukiri, kwa sababu hata mimi sikujua kwamba nilichosema si kweli. Dhamiri ya mwongo inamwamsha. Ya mbabaishaji haina habari. Njia ya mbabaishaji, basi, si fupi. Inaendelea mpaka mtu aanguke.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza lina sehemu mbili. Kwa mtu mmoja mmoja, mwongo anaweza kukosea zaidi. Kwa ukweli wenyewe, mbabaishaji ndiye adui mkubwa, kwa kuwa anatuzoesha kutoutafuta, na asiyeutafuta hawezi hata kujua kwamba ameupoteza.

Lazima tuulize pia chanzo chake. Frankfurt anasema ubabaishaji hauepukiki pale mtu anapolazimika kuzungumzia jambo asilolijua. Sentensi hiyo ingeweza kubandikwa mlangoni pa kila familia yenye mtoto mmoja aliyesoma. Katika ukoo wetu mimi ndiye msomi. Barua ikija, naletewa. Simu mpya ikigoma, naletewa. Kesi ya shamba ikitajwa, naulizwa sheria inasemaje. Hakuna aliyenikataza kusema "sijui", lakini kila ninapolisema naona ada ya shule iliyouzwa ng'ombe ikipita machoni pa wazee. Aibu hiyo ndiyo iliyojibu badala yangu pale hospitalini.

Na shule, nathubutu kusema, ilinifundisha vizuri. Katika mitihani tulijua kwamba nafasi iliyoachwa wazi haina alama, lakini nafasi iliyojazwa inaweza kupata hata mbili. Tukajaza. Mwanafalsafa mwingine, G. A. Cohen wa Oxford, anatusaidia hapa. Alimkosoa Frankfurt kwa kuangalia zaidi moyo wa msemaji. Yeye aliyaangalia maneno yenyewe, akasema yapo maandishi ambayo hayawezi kufafanuliwa hata mwandishi wake akiwa na nia njema. Alikiri kwamba ujanani aliyaona baadhi ya maandishi ya aina hiyo kuwa na kina kwa sababu tu alikuwa ametoka jasho kuyasoma. Anatupa kipimo: chukua sentensi, iwekee ukanushi, uone kama inasikika vibaya zaidi. Nililichukua jaribio langu la mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeandika: "Utandawazi unaakisi mihimili mtambuka ya utamaduni." Nikaandika chini yake: "Utandawazi hauakisi mihimili mtambuka ya utamaduni." Zote mbili zilipendeza sawasawa. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu sentensi ile ilikuwa imepewa alama ya vema.

Siku hizi tumepata na msaidizi. Mwaka 2024 wanazuoni watatu wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliandika kwamba maneno ya programu ya ChatGPT yanastahili kuitwa kwa jina lile la Frankfurt, kwa kuwa programu hiyo imeundwa kutoa maneno yenye umbo la jibu, bila kujali kama ni kweli. Wenzangu wengi hukasirika wakiisikia hoja hiyo. Mimi nilisikitika, maana nilijitambua. Kile walichokisema kuhusu mashine ndicho nilichokifanya mimi mwenye damu, kwa bibi niliyempenda.

Dawa yake najua ni neno moja fupi, sijui, pamoja na hatua kumi za kurudi mlangoni. Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini nisimbabaishe msomaji kwa kumaliza insha kana kwamba jambo hili ni rahisi. Kusema sijui kunagharimu. Kunampunguzia mtu hadhi mbele ya wanaomtegemea, na mara nyingine kunawakatisha tamaa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba gharama hiyo inalipwa na anayestahili kulipa. Nilipokataa kuilipa mimi, aliilipa bibi kwa mkono wake.

Mkono ulipona, ingawa haunyooki kama zamani. Likizo iliyopita nilimsindikiza tena hospitalini. Daktari alikuwa mwingine, Kiingereza kilikuwa kilekile cha haraka. Nilimwomba arudie mara tatu, na mara ya tatu akakunja uso. Bibi hakuelewa neno hata moja, lakini aliuona uso wa daktari, akauona na wangu. Tulipotoka aliniuliza kama shuleni siku hizi hawatufundishi vizuri, mbona nauliza sana. Nikamwambia wanatufundisha. Nadhani hilo nalo lilikuwa la kweli.